Sauti Husafiri, Mkono Hubaki: Habari za Wanafunzi wa Gitaa katika Kinyinya na Nchi Jirani

Kaskazini ya mji wa Kigali, ukiisha kupita Kacyiru, kuna kilima kiitwacho Kinyinya, ambacho kwa hesabu ya serikali ni mojawapo ya sekta za wilaya ya Gasabo, na ndani yake mna Kagugu, Gacuriro, Murama na Gasharu. Zamani palikuwa mahali pa migomba, maharage na mtama. Sasa pana nyumba za kila daraja, tangu vijumba vya matofali mabichi hata majumba ya Vision City yenye njia za lami na taa za usiku. Anayeuliza habari za muziki katika Kigali aghalabu huelekezwa Nyamirambo, penye baa na kumbi, wala hapana amwambiaye apande Kinyinya. Lakini kwa muda wa miaka hamsini, tangu 1965 hata Machi 2015, kilima hiki kilibeba milingoti ya Deutsche Welle, redio ya Ujerumani, ambayo idhaa yake ya Kiswahili ilianza mwaka 1963. Na maneno na nyimbo zilizotayarishwa mbali, katika studio za Köln na baadaye za Bonn, zilifika hapa, zikatiwa nguvu katika mitambo ya kilowati 250, zikarushwa kwa masafa mafupi hata tabaka la juu la anga, na kutoka huko zikateremka juu ya nchi ambazo watu wengi wa Kinyinya hawakupata kuziona.

Kwa mwandishi wa siasa, milingoti ile ni habari ya mashindano ya mataifa katika kuyatafuta masikio ya Afrika. Kwa mwenye kutaka kujua jinsi watu wa nchi hizi walivyojifunza kupiga gitaa, ina maana nyingine, kwa sababu inadhihirisha shida iliyowapata wanafunzi wote wa chombo hicho, tangu siku za santuri za kuzungushwa kwa mkono hata siku za kaseti: sauti husafiri, lakini mkono ulioitoa hubaki kwao. Wimbo huvuka bahari na maziwa ukaingia katika nyumba ya mtu asiyejua hata jina la mpigaji; lakini ni kidole kipi kilichogusa uzi upi, na je, gumba lilishuka wakati kidole cha shahada kikipanda, au vyote viwili viligusa pamoja, hayo hayakupata kuelezwa na sahani yoyote ya santuri wala na mawimbi yoyote ya redio. Kwa hiyo habari za wanafunzi wa gitaa katika Afrika ya Mashariki na ya Kati ni habari za watu waliosikia kabla ya kuona, ikawalazimu kuubuni mkono wasioujua. Na mengi tunayoyasifu leo kuwa ni mitindo yetu yalizaliwa katika ubunifu huo wa lazima.

Uzito wa jambo hili haudhihiriki ila kwa kukitazama chombo chenyewe. Gitaa la kawaida lina nyuzi sita, na anayejifunza Kigali huzitaja kwa majina yaliyorithiwa katika desturi ya Kifaransa, mi, la, re, sol, si, mi, akianza na uzi mnene na kumalizia kwa uzi mwembamba. Juu ya shingo vimepigwa vyuma vidogo kwa kukingama, na kila mpigaji abonyezapo uzi nyuma ya chuma kimoja baada ya kingine, urefu wa uzi utetemekao hupungua na sauti hupanda kwa nusu hatua, hata afikapo chuma cha kumi na mbili, ambapo uzi umebaki nusu ya urefu wake na sauti ya kwanza hurudi ikiwa juu zaidi. Hayo ni mepesi kuyasema. Lakini mi ya uzi mwembamba usiobonyezwa hupatikana vilevile katika uzi wa si kwenye chuma cha tano, na katika uzi wa sol kwenye chuma cha tisa, na katika uzi wa re kwenye chuma cha kumi na nne. Basi sikio liisikiapo sauti hiyo moja katika redio lina walau mahali pane pa kuitafuta, na kila mahali hutaka vidole vingine vyote vikae kwa mpango wake. Tena mwanafunzi, hata akiisha kuzijua sauti za pamoja za do, fa na sol, ambazo kwa hizo tatu nyimbo nyingi mno huimbika, hukuta kwamba fa humtaka alaze kidole cha shahada juu ya nyuzi zaidi ya moja kwa pamoja, na kwa majuma mengi nyuzi hizo hukoroma badala ya kulia, na ncha za vidole huuma hata zifanye sugu. Mwenye mwalimu ubavuni hupita mahali hapo kwa maneno machache: rudisha kiwiko ndani, sogeza kidole karibu na chuma. Asiye na mwalimu hupita kwa kukisia, au hapiti kabisa.

Rwanda haikuwa nchi isiyojua nyuzi. Kabla ya gitaa palikuwa na inanga, ubao mrefu uliochimbwa kina kidogo, ambao uzi mmoja mrefu hupitishwa huku na huku juu ya meno ya ncha zake mbili hata ukafanya safu ya nyuzi zenye sauti mbalimbali. Palikuwa na umuduri, upinde wa uzi mmoja wenye kibuyu, upigwao kwa kijiti. Na palikuwa na iningidi, zeze la uzi mmoja. Inanga ilikuwa chombo cha heshima, kilichosimulia nasaba, vita na ng'ombe mbele ya wakubwa, na wapigaji wake walipokezana elimu hiyo ana kwa ana, mdogo akikaa kando ya mkubwa, akitazama mikono na kuyahifadhi maneno moyoni. Na miongoni mwa mabingwa wake wa karne iliyopita alikuwako Athanase Sentore, baba wa mwimbaji Massamba Intore. Katika elimu hiyo sauti na mkono havikutengana, kwa kuwa hapakuwa na njia ya kuisikia inanga isipokuwa kuwapo mahali inapopigwa. Kilichokuja kuuvunja umoja huo si gitaa lenyewe, bali ni santuri iliyotangulia mbele ya gitaa.

Pwani iliujua utengano huo mapema zaidi. Huko udi, gambusi na kibangala vilikuwa na nasaba ndefu, na mwimbaji Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 kutia sauti yake katika santuri, udi na fidla ndivyo vilivyofuatana naye; lakini santuri zile, ziliporudi Unguja na kusambaa bara, ziliwajulisha watu jambo lisilojulikana kabla, kwamba mwimbaji anaweza kusikiwa na asiyemwona. Tangu mwaka 1933 kampuni ya HMV ilianza kuuza katika Afrika santuri za mfululizo wa GV, zilizojaa nyimbo za Kuba, na katika miji ya Kongo na ya pwani vijana wakazisikiliza wasifahamu neno la Kihispania, wakayashika magitaa yake. Vikaja Vita vya Pili vya Dunia, vilivyowachukua watu wa King's African Rifles hata Burma, na katika kikosi cha burudani cha jeshi hilo alikuwamo Fundi Konde, mzaliwa wa pwani ya Kenya, ambaye baada ya vita alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza katika Afrika ya Mashariki kupiga gitaa la umeme katika santuri. Kambi ya askari ilikuwa, katika hali hiyo, moja ya madarasa machache ambamo mwanafunzi aliuona mkono wa mwenziwe aliyetoka nchi nyingine, maana watu waliolala katika hema moja hawana budi kuazimana vyombo.

Lakini njia iliyolileta gitaa karibu na Rwanda ilipita zaidi bara kuliko baharini. Katika miaka ya 1920 kampuni ya shaba ya Union Minière du Haut-Katanga ilikuwa ikiandika wafanyakazi katika Ruanda-Urundi, iliyokuwa wakati huo chini ya Wabelgiji, ikawapeleka kusini, Katanga katika Kongo, kukaa katika kambi za migodi pamoja na Waluba, Wabemba na makabila mengine mengi. Na katika kambi hizo lugha iliyowaunganisha ilikuwa Kiswahili, kilichopata huko umbo lake na ladha yake. Palipo na mshahara wa mwezi pana duka, na palipo na duka pana santuri na gitaa. Huko Jadotville, uitwao leo Likasi, mnamo mwaka 1952 Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, alikutana na kijana Mwenda Jean Bosco, aliyezaliwa mwaka 1930, akainasa sauti yake na gitaa lake katika wimbo uitwao Masanga na nyinginezo. Mwaka huo huo Tracey alinasa vilevile ngoma na nyimbo za Rwanda, hata ikawa mtu yule mmoja amepita mbele ya ulimwengu wa aina mbili: ule wa ikulu ya Mwami, mfalme wa Rwanda, ambamo elimu ilikaa katika mikono ya watu waliokaa pamoja, na ule wa mji wa shaba, ambamo elimu ilikuwa tayari imeanza kupanda ndege.

Mwenda alipiga kwa vidole viwili tu vya mkono wa kuume, gumba na shahada, gumba likizichukua nyuzi nene na kushika mwendo, na shahada ikiimba juu yake katika nyuzi nyembamba. Na kazi ya vidole hivyo viwili ilikuwa ya namna ambayo msikilizaji asiyeona angeliapa kwamba wapigaji ni wawili. Santuri zake zikaenda Kenya, Uganda, Tanganyika na Rhodesia. Mwishoni mwa miaka ya 1950 yeye mwenyewe alifika Nairobi, na jamaa yake Edouard Masengo akafika huko pia, na nyimbo zao zikatumika hata kutangaza bidhaa. Lakini waliomwona Mwenda kwa macho walikuwa wachache kupita kiasi wakilinganishwa na waliomsikia, na hao wengi ndio waliofanya jambo lililo kubwa. Kwa kutojua mkono wake ulivyokwenda, walitafuta wao wenyewe njia ya kuifikia sauti ile, wengine wakakosa na katika kukosa wakapata kingine. Magharibi ya Kenya ukatokea mtindo wa omutibo, ambao George Mukabi, aliyefariki mwaka 1963, ndiye bingwa wake ajulikanaye sana, wenye gumba na shahada kama Katanga, ila kwa mwendo wa watu wa nchi ile, na chupa ya Fanta ikikwaruzwa pembeni kushika mapigo. Lau kama Mukabi na wenzake wangelifundishwa na Mwenda uso kwa uso, yumkini wangelikuwa wanafunzi wema wa Mwenda. Kwa kuwa hawakufundishwa naye, wakawa mabingwa wa mtindo wao. Hii ndiyo faida ya kwanza ya sauti isiyo na mkono, na haifai kuisahau tunapoyahesabu madhara yake.

Umaskini nao uliongeza ubunifu. Gitaa la dukani lilikuwa ghali, basi vijana wa vijijini, katika Rwanda na Kongo na Kenya, waliunda magitaa yao kwa debe la mafuta au mbao nyembamba, na kwa nyuzi wakaichukua kebo ya breki ya baiskeli, wakaifumua wakapata nyaya zake nyembamba, ngumu kwa vidole vya anayeanza. Aliyetaka kupandisha sauti ya nyuzi zote kwa pamoja ili imfae mwimbaji alifunga penseli juu ya shingo ya gitaa kwa mpira, ikafanya kazi ya kibano kinachouzwa madukani. Mwanafunzi aliyepita katika magumu hayo alikuwa amekwisha kujua, kabla ya kumiliki gitaa la kweli, kwa nini uzi mfupi hulia juu na uzi mrefu hulia chini, na kwa nini chombo chenye shingo iliyopinda hakikubali kulingana sauti; elimu ambayo wanafunzi wa leo wenye magitaa mazuri aghalabu hawaipati.

Hata hivyo, iko mipaka ambayo kukisia hakuwezi kuivuka. Mwaka 1979 Mwingereza mmoja, John Low, aliyekuwa mpigaji wa gitaa na mpenzi wa santuri za Katanga, alifunga safari mpaka Shaba, kama ilivyoitwa Katanga katika siku hizo, ili awatafute Mwenda, Masengo na mpigaji mwenzao Losta Abelo na kujifunza kwao, na habari za safari hiyo akaziandika katika kitabu kilichotoka mwaka 1982. Nyimbo alikuwa nazo; sahani za santuri hazikumkosesha hata pigo moja. Alichokifuata mbali kiasi hicho ni mikono. Mwenda akafariki mwaka 1990 kwa ajali ya barabarani katika Zambia, na mtu anayetaka kujua leo jinsi gumba lake lilivyotembea hana budi kuwashukuru wachache waliokwenda kuketi mbele yake wakati angali hai.

Katika Kigali, mji ulioanzishwa mwaka 1907 na Mjerumani Richard Kandt, Kiswahili kilikuwako tangu mwanzo, kikiwa lugha ya wafanyabiashara na ya Waislamu wa Biryogo na Nyamirambo, na nyimbo za Katanga na za Tanganyika hazikukosa hapo watu wa kuyafahamu maneno yake, miaka mingi kabla ya mwaka 2017, Kiswahili kilipoingizwa rasmi katika lugha za dola. Redio ilipoenea, darasa likawa kubwa zaidi na gumu zaidi. Santuri hurudiwa, redio hairudiwi. Mwanafunzi aliyetaka kushika wimbo alipaswa kuwa na gitaa mkononi saa wimbo unapopita, akamate mstari mmoja leo, kisha asubiri kwa siku au majuma hata mtangazaji aurudie, ili akamate mstari wa pili. Kaseti, iliyobuniwa na Philips mwaka 1963 na kuenea katika nchi zetu katika miaka iliyofuata, iliondoa adhabu hiyo, kwa kuwa utepe hurudishwa nyuma kadiri mtu apendavyo. Lakini betri zikichoka utepe hupunguza mwendo na wimbo wote hushuka, hata mwanafunzi akalegeza nyuzi zake kuufuata, na kesho yake, baada ya kununua betri mpya, akashangaa kwa nini gitaa na wimbo havipatani tena.

Kutokana na masikio hayo yaliyozoezwa ulipatikana muziki wa bendi za Rwanda uitwao igisope, uliositawi katika miaka ya 1970 na ya 1980, ambao Orchestre Impala na Les Citadins walikuwa miongoni mwa waliouvumisha. Ndani yake magitaa yaligawana kazi kwa namna ya bendi za Kongo na Tanzania, solo, ridhimu na besi, lakini lugha ilikuwa Kinyarwanda na mwendo wake wa upole. Redio Rwanda ilizinasa nyimbo zao na kuzirusha, nazo ndizo ziitwazo leo karahanyuze, nyimbo za kale zinazopendwa hata na waliozaliwa baada yake. Pembeni ya bendi palikuwa na kanisa, ambalo kwa maelfu ya wanafunzi lilikuwa darasa lililo bora kuliko redio. Misheni ya Wapentekoste wa Sweden, iliyoanza Gihundwe mwaka 1940, ilizaa makanisa yenye kwaya nyingi zilizokuja kuyapenda magitaa; na upande wa Wakatoliki, Mtaguso wa Pili wa Vatikano, uliokaa tangu 1962 hata 1965, uliufungulia mlango muziki wa lugha za watu na vyombo vyao. Katika kwaya mwanafunzi alikaa nyuma ya mpigaji, akatazama mkono wake Jumapili baada ya Jumapili, na siku mpigaji alipougua akaambiwa ashike gitaa yeye. Kwa njia hiyo, bila ya mtu yeyote kukusudia, kanisa lilirudisha ile desturi ya inanga ya mdogo kukaa kando ya mkubwa.

Kisha ukaja mwaka 1994. Redio ya RTLM, iliyoanza kutangaza mwaka 1993, ilikuwa imechanganya nyimbo za kupendeza na maneno ya kuua, ikadhihirisha kwamba sauti isafiriyo bila mkono yaweza kubeba lolote alilokusudia mwenye kuirusha. Katika Mauaji ya Kimbari dhidi ya Watutsi, yaliyoanza tarehe 7 Aprili na kuendelea kwa muda wa siku zipatazo mia moja, waliuawa watu ambao serikali ya Rwanda huwahesabu kuwa zaidi ya milioni moja, na kati yao walikuwamo André Sebanani wa Impala, mwimbaji Rodrigue Karemera, na Cyprien Rugamba, mshairi na mtunzi, pamoja na wanakwaya, mafundi na wapigaji wasiojulikana ila katika mitaa yao. Sauti za Sebanani na Karemera zimebaki katika tepu na husikika redioni hata leo. Lakini vijana ambao wangelikaa mbele yao na kutazama walinyang'anywa haki hiyo milele. Hapo ndipo hasara ya elimu inayokaa katika mikono ya watu, isiyoandikwa wala isiyokuwa na shule, ilipodhihirika kwa ukatili usio na mfano: santuri huhifadhi wimbo, wala haihifadhi mwalimu.

Baada ya mauaji hayo walirejea Rwanda watu waliokuwa wakimbizi tangu mwaka 1959 na baadaye, wao na watoto wao, wakitoka Burundi, Uganda, Kongo, Tanzania na nchi za mbali, na kila kundi likaja na gitaa la lilikotoka na aghalabu na Kiswahili pia. Mmoja wao ni Jacques Murigande, ajulikanaye kwa jina la Mighty Popo, mpigaji gitaa aliyezaliwa katika ukimbizi Burundi na kukaa Canada, ambaye alirudi akawa mkuu wa shule ya muziki iliyofunguliwa Nyundo, karibu na Ziwa Kivu, mwaka 2014, na baadaye ikahamia Muhanga. Shule hiyo hupokea wasichana kwa wavulana, na hili si dogo, maana katika darasa la zamani, la kambi ya askari, la mgodi na la baa, msichana hakuwa na mahali pa kuketi. Na hasara ya vipaji iliyotokana na desturi hiyo haitapata kuhesabika. Kwa upande mwingine, kundi la The Good Ones, wenye kuongozwa na Adrien Kazigira na Janvier Havugimana, walinaswa na Mmarekani Ian Brennan mwaka 2009 kwa magitaa yasiyo ya umeme na sauti za kuitikizana, santuri yao ikatoka mwaka 2010; hao ni ushahidi kwamba njia ya wale wasiopita shuleni haijafungwa.

Na Kinyinya? Milingoti iliponyamaza mwaka 2015, ardhi yake na kilima kwa jumla viliingizwa katika mipango ya makazi mapya, na mawimbi ya masafa mafupi yakaacha nafasi kwa simu za mkononi. Kijana wa Kagugu au Gacuriro anayeanza leo anaweza kufungua video na kuuona mkono wa mpigaji wa Lubumbashi, wa Dar es Salaam au wa Chicago ukiwa karibu kuliko alivyouona yeyote aliyekaa safu ya mbele katika dansi. Anaweza kuusimamisha, kuupunguza mwendo na kuurudia bila ya kuogopa betri. Kwa mara ya kwanza mkono umeanza kusafiri pamoja na sauti. Ni neema, na asiyekiri hivyo hakupata kukaa usiku akisubiri wimbo urudi redioni. Lakini ni neema yenye upungufu wa namna mbili. Wa kwanza ni kwamba mkono wa video unaonekana, bali wenyewe hauoni: hauwezi kumwambia mwanafunzi kwamba kiwiko chake kimetoka nje, wala kukishika kidole chake na kukiweka mahali pake. Wa pili ni kwamba ajionyeshaye zaidi katika video ni yule mwenye umeme, kamera na watazamaji wengi, hata kijana wa Kigali akajifunza upesi nyimbo za Marekani kuliko ridhimu ya igisope, ambayo mabingwa wake wachache waliosalia hawakuzoea kujionyesha.

Ndiyo sababu habari hizi hazifai kusomwa kama masimulizi ya mambo yaliyokwisha. Waliopiga solo na besi katika bendi za miaka ya 1980 sasa ni wazee, na waliojifunza katika kwaya nyuma ya mpigaji wa kale wamekuwa wao ndio wapigaji wa kale. Kuzinasa nyimbo zao hakutoshi, maana kazi hiyo redio iliifanya zamani na tumeona mpaka wake. Yapasa kuinasa mikono yao, karibu na polepole, pamoja na maelezo yao wenyewe, tena yapasa kumketisha mwanafunzi mbele yao, katika shule, katika kwaya na katika nyumba za mtaani, ili asahihishwe na mtu amwonaye. Vyombo vya kazi hiyo vimo tayari katika mifuko ya vijana wa Kinyinya, na gharama yake ni muda wa kupanda kilima kwenda kwa jirani. Nchi iliyopoteza mikono mingi kiasi kile kwa siku mia moja haina udhuru wa kuipoteza iliyosalia kwa uvivu.